Printa ya Zamani na Mfumo Mpya: Kosa ni la Nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, ambao ulitolewa Julai 2015 na kuenea katika shule, ofisi na majumba ya watu kote nchini. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama zilivyofanya jana yake. Kilichokoma ni ile kazi ya kuziba nyufa za usalama, hata ikawapasa wenye kompyuta ama kujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, ama kuhamia mfumo mwingine. Wengine wamehamia Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021. Wengine, ambao kompyuta zao ni za umri mkubwa na haziwezi kuupokea mfumo huo, wamehamia mifumo huria ya jamii ya Linux. Katika uhamaji huo limezuka jambo ambalo nadhani halijapewa uzito unaostahili: printa na skana ambazo Ijumaa zilikuwa zikifanya kazi bila kasoro, Jumatatu hazifanyi kazi tena.

Natoa mfano wa Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya. Chitete si Tunduma. Tunduma ni mji wa mpakani, una reli ya TAZARA, una barabara kuu iendayo Zambia, na una maduka ya vifaa vya kila namna. Kifaa kikikataa kufanya kazi, mwenye nacho akimkosa fundi huyu humpata yule. Chitete mambo ni mengine. Mwalimu anayetaka kuchapa mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne huitegemea printa moja ya shule, au ya steshenari iliyo jirani, na printa hiyo ikinyamaza hana budi kuchukua flashi na kupanda gari hadi Tunduma au Vwawa, atumie nauli, apoteze vipindi vya siku nzima, na maswali ya mtihani yapitie mikononi mwa watu asiowajua. Hilo la mwisho ni zito kuliko nauli. Siri ya mtihani italindwaje, iwapo karatasi zake zinatolewa dukani mbele ya foleni ya wateja?

Ndipo husikika ile hukumu ya haraka kwamba printa imekufa, au kwamba imepitwa na wakati na dawa yake ni kununua nyingine. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi hukumu hiyo si ya kweli, na kwamba sisi tufundishao sayansi tunao wajibu wa kuipinga, kwa sababu imetolewa kabla ya ushahidi kukusanywa.

Yafaa kwanza tuelewe kinachotokea. Printa haijui Kiswahili wala Kiingereza, wala haiijui programu tunayoandikia barua. Inajua lugha yake yenyewe ya kuambiwa mahali pa kuweka wino na mahali pa kuacha karatasi nyeupe. Ziko lugha chache za aina hiyo ambazo maelezo yake yametolewa hadharani, mathalani PCL ya kampuni ya Hewlett-Packard na PostScript ya kampuni ya Adobe, ambazo zilianza kutumika katika miaka ya 1980. Ziko na nyingine nyingi ambazo watengenezaji wamezifanya kuwa siri zao. Kati ya kompyuta na printa hapana budi awepo mkalimani, na mkalimani huyo ni programu iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wetu huiita draiva.

Mtu wa Chitete hatashindwa kuifahamu habari hii. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Zambia. Mnyamwanga wa Momba akikutana na mwenzake wa Nakonde hahitaji mtu wa kuwaunganisha. Lakini mgeni wa mbali akifika sokoni bila Kiswahili wala Kinyamwanga hutafuta mtu wa kumfasiria, na mfasiri yule akiondoka, biashara husimama ingawa muuzaji yupo, mnunuzi yupo na mahindi yapo. Kubadilisha mfumo endeshi ni kumwondoa mfasiri. Printa ni nzima, waya ni mzima, na kompyuta ni nzima vile vile.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini mkalimani wa zamani asihamishiwe katika nyumba mpya? Sababu moja kubwa ni ya kimuundo. Windows 10 ilitolewa kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Programu ya kawaida ya biti 32 huweza kuendeshwa ndani ya mfumo wa biti 64, lakini kiendeshi cha biti 32 hakiwezi, kwa sababu hicho hufanya kazi karibu mno na kiini cha mfumo. Isitoshe, mifumo ya Windows ya biti 64, tangu ile ya Vista, hudai kwamba kiendeshi kinachoingia ndani ya kiini kiwe na saini ya kidijitali inayothibitisha kimetoka wapi. Kwa hiyo skana iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo mtengenezaji wake hakuiandikia kiendeshi cha biti 64, itabaki bubu mbele ya Windows 11 hata kama kioo chake hakina mkwaruzo mmoja.

Sasa nije kwenye utafutaji wa kosa. Wanafunzi wa sayansi hufundishwa tangu Kidato cha Kwanza kwamba katika jaribio tunabadilisha jambo moja tu, na mengine yote tunayaacha kama yalivyo, ili tokeo likibadilika tujue limesababishwa na nini. Kanuni hii wengi huiandika vizuri katika karatasi ya mtihani, kisha huisahau mara wanapoikabili mashine iliyogoma. Hubadilisha waya, wakaondoa kiendeshi, wakaweka kingine, wakazima na kuwasha, vyote kwa pamoja. Na printa ikianza kufanya kazi hakuna ajuaye ni kipi kilichoiponya, na wiki ijayo ikigoma tena wanaanza upya.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama printa yenyewe ni nzima. Ichomolewe kwenye kompyuta, ibakizwe kwenye umeme tu. Printa yenye skana juu yake huweza kutoa kopi bila msaada wa kompyuta. Nyingi za leza zisizo na skana hutoa karatasi ya majaribio ukibonyeza kitufe chake na kukishikilia kwa sekunde kadhaa. Karatasi ikitoka safi, basi tona, dramu, rola na mota zote zimeondolewa katika orodha ya washukiwa. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Ajabu ni kwamba nimewahi kuwaona watu wenye vyeti wakishika bisibisi na kuifungua printa kabla ya kufanya jaribio hili.

Swali la pili ni kama kompyuta inakiona kifaa. Hapa pana jambo la kuvutia kwa walimu wa hisabati. Kila kifaa cha USB hubeba nambari mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya aina ya kifaa, zilizoandikwa katika mfumo wa namba unaohesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, ambamo herufi a hadi f husimama mahali pa kumi hadi kumi na tano. Hewlett-Packard ni 03f0, Canon ni 04a9, Epson ni 04b8. Katika Linux nambari hizo huonekana kwa amri lsusb. Katika Windows huonekana ukifungua maelezo ya kifaa ndani ya orodha ya vifaa vya kompyuta. Nambari zikionekana, waya na tundu lake ni vizima hata kama jina la kifaa halionekani au limewekewa alama ya onyo. Zisipoonekana, hapana haja ya kuhangaika na viendeshi. Tafuta waya mwingine, jaribu tundu jingine, na kama kuna kigawanyio cha USB katikati kiondoe. Tena nambari hizo ndizo za kumpelekea fundi aliye mbali, kwa maana zinamwambia habari sahihi kuliko jina lililobandikwa kwenye kasha, ambalo pengine limeshafutika.

Swali la tatu ni njia inayopitwa na kazi ya kuchapa. Katika Windows si ajabu, baada ya kubadilisha mfumo, kukuta printa moja imeorodheshwa mara mbili, jina la pili likiwa na maneno ya kuonyesha kuwa ni nakala, kwa sababu tu waya ulichomekwa kwenye tundu tofauti na la awali. Mtumiaji hutuma kazi kwa lile jina la zamani, nayo husubiri pale milele. Au mfumo umejichagulia wenyewe printa ya kawaida, na iliyochaguliwa si printa hata kidogo bali ni ile programu ya kutengeneza faili la PDF. Au kuna kazi moja iliyokwama mbele ya foleni na kuzizuia nyingine zote, kama lori lililoharibika katikati ya daraja jembamba. Dawa ya hili la mwisho ni kuisimamisha huduma ya foleni ya kuchapa, kufuta faili zilizokwama, na kuiwasha tena huduma hiyo. Mambo haya si magumu, ila humhitaji mtu asiye na haraka.

Swali la nne ndilo la lugha. Kuna ishara moja ambayo huwatisha watu, nami naiona kuwa ni habari njema: printa inatoa karatasi baada ya karatasi, kila moja ikiwa na mstari mmoja au miwili ya herufi zisizosomeka. Watu huukimbilia umeme na kuuzima. Lakini tazama jambo hilo limetuthibitishia nini. Waya unapitisha habari, printa inazipokea, karatasi zinavutwa, wino unashika. Kilichokosekana ni kuelewana tu: kompyuta imetuma maneno ya lugha moja, na printa isiyoijua lugha hiyo imeyachapa kama yalivyo, herufi kwa herufi. Ukiona juu ya ukurasa herufi PS zikitanguliwa na alama za asilimia na mshangao, ujue kompyuta imesema PostScript kwa printa isiyojua PostScript. Chagua kiendeshi kingine na mambo yatanyooka.

Zipo hata hivyo printa zenye tabia ya pekee, na nyingi kati ya hizo zimo katika shule zetu kwa sababu zilikuwa za bei nafuu. Hizi hazina akili yao wenyewe ya kupanga ukurasa. Kazi yote hufanywa na kompyuta, na printa hupokea vitone tayari. HP LaserJet 1020 ni mfano unaojulikana sana. Printa hiyo haihifadhi hata programu yake ya ndani: kila inapowashwa, kompyuta hulazimika kuipelekea programu hiyo kwanza, ndipo iweze kuchapa. Katika Windows kiendeshi hufanya hivyo kimyakimya, na mtumiaji hajui. Akihamia Linux bila kuongeza kile kipande cha programu kinachohitajika, printa huonekana katika orodha, kazi hutumwa, taa humetameta kidogo, na karatasi haitoki. Huyu naye angehukumiwa kuwa amekufa. Kipande chenyewe hupakuliwa mara moja kutoka kwenye intaneti. Mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, yafaa kikachukuliwe Tunduma na kuletwa kwa flashi, kisha kihifadhiwe shuleni.

Skana zina mkasa wao. Watu wengi hawafahamu kwamba mashine moja yenye printa na skana ni, kwa macho ya kompyuta, vifaa viwili vilivyo katika kasha moja, na kila kimoja kina mkalimani wake. Ndiyo maana baada ya kuhama mfumo hutokea printa ikachapa vizuri na skana ikakataa katakata. Printa zimepata bahati ya lugha za pamoja. Skana zimechelewa kuipata bahati hiyo. Katika Windows ziko njia mbili zinazotumika, TWAIN iliyoanza mwaka 1992, na WIA ya Microsoft yenyewe iliyokuja baadaye, na programu ya zamani inayoijua njia moja huenda isiione skana iliyowekwa kwa njia nyingine. Katika Linux kazi hii hufanywa na mradi uitwao SANE, ulioanza katika miaka ya 1990, ambao watu wake wamekaa miaka mingi wakizichunguza skana moja moja na kuziandikia viendeshi, mara nyingi bila msaada wowote wa mtengenezaji. Kwa sababu ya kazi yao, skana kama Canon LiDE 20, ambayo imeachwa na Windows za siku hizi, hufanya kazi katika Linux. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 na skana iliyokataliwa na Windows 11 zikikutana chini ya Linux huweza kufanya kazi pamoja kwa amani.

Nitaeleza kisa kimoja kifupi cha ofisi ambayo sitaitaja. Walibadilisha mfumo wa kompyuta, na siku hiyo hiyo wakahamishia meza upande wa pili wa chumba. Skana ikakataa. Siku tatu zilipita wakitafuta kiendeshi, wakiamini kwamba mfumo mpya ndio mkosaji. Hatimaye ilionekana kwamba yule aliyebeba skana, kwa uangalifu mwema kabisa, alikuwa amefunga kile kitufe kidogo cha chini kinachozuia mkono wa skana usitikisike wakati wa safari, na hakuna aliyekumbuka kukifungua. Mabadiliko mawili kwa siku moja. Mmoja akashukiwa, mwenye kosa akawa mwingine.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba tatizo lote ni la uzembe wa watumiaji. Kiini chake kiko kwa wale wanaotengeneza vifaa na kuificha lugha yake. Nao mgogoro huu una historia ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, mwanaprogramu kijana aitwaye Richard Stallman alikutana na printa mpya ya leza iliyotolewa na kampuni ya Xerox. Printa iliyotangulia ilikuwa na programu ambayo maandishi yake yalipatikana, naye alikuwa ameirekebisha ili karatasi ikikwama iwaarifu wenye kazi waende kuikwamua. Kwa printa mpya alitaka kufanya vivyo hivyo, lakini maandishi ya programu yake yalikuwa siri, na hata mtaalamu aliyekuwa nayo alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kuitunza siri hiyo. Mwezi Septemba mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kuunda mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angeweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Sehemu kubwa ya mifumo tunayoiita Linux leo hii imetokana na mradi huo. Kwa hiyo tunaposema kwamba shule ya Momba yenye printa iliyogoma inaweza kusaidiwa na mfumo huria, tunasema habari ya mti uliochipuka kutokana na mbegu ya namna ile ile.

Watengenezaji wana utetezi wao, na haki inatudai tuusikilize. Husema kwamba hawawezi kuviandikia viendeshi vipya vifaa vya miaka ishirini iliyopita. Husema vile vile kwamba kiendeshi kibovu ni mlango wa wezi. Na kweli mwaka 2021 uligunduliwa ufa mkubwa katika huduma ya kuchapa ya Windows, uliopewa jina la PrintNightmare, ambao ulimwezesha mvamizi kuitawala kompyuta nzima kwa kupitia njia ya viendeshi vya printa. Kwa sababu za namna hiyo, Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza viendeshi vya watengenezaji mbalimbali, na badala yake kutegemea kiendeshi kimoja cha pamoja kinachotumia itifaki ya IPP. Jambo hilo naliunga mkono. Mfumo wa CUPS, unaotumika katika Linux na katika kompyuta za Apple, umekuwa ukielekea huko kwa miaka mingi, na printa nyingi za siku hizi huweza kuzungumza na simu ya mkononi bila kiendeshi chochote kuwekwa. Lakini utetezi wa watengenezaji unaishia hapo. Mtu akichoka kumlisha mbwa wake, haimpasi kumfungia ndani ya nyumba na kuondoka na ufunguo. Kampuni iliyoamua kuacha kukihudumia kifaa na ichapishe maelezo ya lugha yake, ili wengine wenye nia wakihudumie. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na shehena ya vifaa vizima vinavyotupwa.

Na vinatupwa kweli. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi yetu ilitunga kanuni za kudhibiti taka za aina hii mwaka 2021. Kanuni ni jambo jema, lakini katika wilaya za mbali ni nani atakayeichukua printa mbovu kutoka stoo ya shule? Hukaa pale hadi stoo inapohitajika, kisha huishia kwenye shimo la taka na kuchomwa moto pamoja na plastiki na vumbi la tona. Printa ambayo haikuwa mbovu.

Upande wetu nao hauna usafi. Tumezoea kununua kifaa cha bei ya chini kuliko vyote bila kuuliza kinasema lugha gani. Halmashauri inapoandaa mahitaji ya ununuzi hutaja rangi, kasi ya kurasa kwa dakika na ukubwa wa karatasi. Sijaona mara nyingi ikitaja kwamba printa iwe inaelewa PCL au PostScript, au iwe imethibitishwa kwa AirPrint, Mopria au IPP Everywhere, na kwamba skana yake ifanye kazi kwa itifaki ya eSCL. Maneno hayo machache, yakiwekwa katika kila zabuni ya vifaa vya shule, yangetuepusha na sehemu kubwa ya matatizo niliyoyaeleza. Anayepinga atasema kwamba printa za namna hiyo ni ghali zaidi. Ni kweli kwa siku ya kununua. Mahesabu na yafanywe kwa miaka kumi, pamoja na nauli za kwenda Tunduma.

Jambo jingine ni la lugha yetu wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kazi ile ilionyesha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kukwaruza koo. Maelezo ya kurekebisha vifaa hayakufuata mkondo huo kwa kiasi cha kutosha. Mwanafunzi wa Chitete anayeona ujumbe wa kosa kwenye kioo cha kompyuta huusoma kwa Kiingereza cha kifundi ambacho hata mwalimu wake wa Kiingereza hakutarajiwa kukijua. Napendekeza kila shule yenye kompyuta iwe na daftari moja la mashine, linaloandikwa na wanafunzi kwa Kiswahili: nambari mbili za kila kifaa, kiendeshi kilichokubali na toleo lake, tarehe ya kila badiliko, na dalili zilizoonekana kabla na baada. Daftari hilo lingekuwa na thamani zaidi ya mitihani mingi ya nadharia ninayoiona ikitungwa. Na fundi wa steshenari, ambaye mara nyingi amejifunza kazi yake kwa kutenda, alikwe darasani aeleze anavyotafuta kosa. Wengine wao hufuata hatua za kisayansi bila kuziita hivyo.

Kwa shule ambayo bado haijahama, ninao ushauri ambao ungetangulia yote haya. Mifumo mingi ya Linux, mathalani Ubuntu na Linux Mint, huweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo humo, bila kuandika chochote kwenye diski ya kompyuta. Kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo siku ambayo hakuna kazi ya haraka. Printa iunganishwe, ukurasa mmoja wa mtihani wa zamani uchapwe, hasa wenye michoro na alama za hisabati, kisha cheti kimoja kipitishwe kwenye skana. Kila tokeo liandikwe. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wanne wakisimamiwa na mwalimu katika vipindi viwili vya darasani, na flashi ikichomolewa, kompyuta hurudi katika mfumo wake wa awali kana kwamba haikuguswa.